Siku moja maishani mwangu: kazi ya kuchunguza vifo vya watoto wachanga

Saa 12 asubuhi nafungua ofisi na kukuta faili mpya mezani. Mtoto wa kike, miezi mitatu, alifikishwa hospitali usiku akiwa hapumui. Penye nafasi ya maelezo ya mzazi pameandikwa: "Alianguka kitandani." Basi, hakuna kingine. Mtoto huyu nimemuunda kutokana na watoto kadhaa waliopita mikononi mwangu, asije akatambulika wala ndugu zake wakanyooshewa vidole.

Mimi ni daktari wa patholojia. Watu hutuita madaktari wa maiti, na wakisikia kwamba kuna siku mezani kwangu analazwa mtoto mchanga, swali ni lile lile: keshakufa, mnampasua ili iweje? Si mumwache apumzike? Wapo wanaoniambia nina roho ya jiwe. Swali hilo linastahili jibu, ndiyo maana naieleza siku yenyewe ilivyo.

Saa 1 Mzee wa mochwari anamtoa mtoto kwenye jokofu. Humbeba amemkinga shingo kwa kiganja, na sijawahi kumwona akimbeba vingine. Tunapima uzito, urefu na mzingo wa kichwa, tunapiga picha za ngozi yote mpaka nyuma ya masikio na ndani ya midomo. Hayo huenda haraka, mikono imeshazoea.

Saa 2 ni eksirei, maana kisu hakigusi mwili kabla ya picha za mifupa yote, kiungo kwa kiungo. Picha moja ya mwili mzima haitoshi, huficha mengi. Leo mikono na miguu imetoka safi. Mbavu hazikutoka safi. Upande wa kushoto, nyuma, karibu na uti wa mgongo, kuna vivimbe vinne vimepangana kama shanga kwenye uzi. Hivyo ni mfupa mpya unaojijenga penye ufa, na huchukua kati ya wiki moja na mbili hivi kuonekana kwenye picha. Kwa hiyo hata kama jana usiku alianguka kitandani, mbavu hizi zilivunjika kabla ya jana. Mbavu za mtoto mchanga huvunjika mahali hapo kifua kinapobanwa na mikono miwili ya mtu mzima.

Elimu hii ilichelewa sana kukubalika. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa eksirei wa Marekani, aliandika juu ya watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovia juu ya ubongo na mifupa mirefu iliyovunjika mahali 23, na hakuna aliyeweza kueleza ilikuwaje. Ikapita miaka 16 mpaka Henry Kempe, daktari wa watoto wa huko huko Marekani, na wenzake walipowaambia madaktari waziwazi, mwaka 1962, kwamba anayemuumiza mtoto mara nyingi ni yule yule aliyemleta hospitali. Picha zilikuwepo muda wote huo. Lililokuwa gumu ni mtu kuamini alichokiona.

Kuanzia saa 3 mpaka saa 6 nafanya upasuaji. Damu nyembamba imetanda pande zote mbili za ubongo, na nyingine imevia nyuma ya macho. Saa hizo tatu siwezi kuzieleza zaidi, na msomaji hazihitaji.

Ila kuna jambo moja wengi hawalijui: sehemu kubwa ya kazi yangu ni kumtafutia mzazi utetezi. Upo ugonjwa wa kurithi unaofanya mifupa ivunjike kirahisi. Upungufu wa vitamini K huweza kumwaga damu kichwani pasipo mkono wa mtu. Yapo magonjwa adimu ya kemia ya mwili yanayoleta damu ile ile juu ya ubongo. Yapo pia mabaka ya buluu ambayo watoto wengi weusi huzaliwa nayo mgongoni na matakoni, ambayo asiyeyajua huyaita alama za kipigo. Kila kimojawapo nakitafuta, nachukua sampuli, natuma maabara. Nikikosea upande mmoja, nimemtia mama asiye na hatia gerezani. Nikikosea upande wa pili, nimemwachia mtoto mwingine nyumba ile ile.

Huyo mwingine yupo. Faili inasema ana dada wa miaka miwili. Kabla sijavua aproni nampigia afisa ustawi wa jamii: achukuliwe leo, apigwe eksirei leo.

Saa 8 anafika mpelelezi, na siku inaniishia hapo.

"Daktari, nipe jina. Baba au mama?"

"Afande, mwili hautaji majina."

Anakaa. Simu yake inalia, anatoka, anarudi, anauliza vile vile. Muda wa kuwashikilia wazazi unakwisha, bosi wake anataka ripoti, magazeti yameshasikia. Namweleza: naweza kusema kilichotokea na kwa nguvu ya namna gani, naweza kusema kuanguka kutoka kitandani kwa kawaida hakufanyi haya yote kwa pamoja. Aliyefanya simwoni kwenye darubini.

"Basi nipe saa. Mama anasema alimwacha mzima saa 2 usiku."

Hapo ndipo pagumu. Mtoto aliyeumia kichwa kiasi cha kufa kwa kawaida habaki wa kunyonya na kuchekacheka. Hulegea, hukataa ziwa, hupumua vibaya. Lakini "kwa kawaida" hiyo ina nadra zake, na mama anaweza asitambue kwamba mtoto anayemdhania amelala hajalala. Nampa masaa mapana. Hayataki. Anataka dakika.

"Si kila mara huwa baba?" ananiuliza. "Au wa kambo?"

Namwambia ninachokijua. Kwenye majeraha ya kichwa ya namna hii, wanaume hutajwa zaidi, baba mzazi au mwanamume anayeishi na mama. Mtoto anapouawa siku ile ile ya kuzaliwa, karibu kila mara ni mama, mara nyingi mama aliyeificha mimba. Ila huo ni wingi wa kesi, Afande, na mtu mmoja hafungwi kwa sababu ya wingi. Anaandika sentensi ya kwanza, ya pili haiandiki. Namwomba aiandike. Anaiandika kwa hasira, na mimi nasubiri mpaka afike kwenye nukta.

Akiwa mlangoni ananisomea maneno ya baba: "Alikuwa analia tu, hanyamazi."

Hiki huumiza kila nikisikia. Kilio cha mtoto huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kileleni mwezi wa pili, kisha hupungua chenyewe kufikia mwezi wa nne au wa tano. Mtoto mzima kabisa, asiye na ugonjwa, anaweza kulia masaa. Watoto wanaotikiswa kwa nguvu mpaka damu ikavia kichwani, kama huyu anavyoonekana, huletwa wengi zaidi ndani ya miezi hiyo hiyo. Angemlaza chali mahali salama, akafunga mlango, akakaa nje dakika kumi, mtoto angeendelea kulia, na angekuwa hai. Wazazi wangapi waliambiwa hivyo siku wanatoka wodi ya wazazi?

Sijui ni saa ngapi Mzee anapogonga. Bibi wa mtoto yuko nje.

"Mwanangu, nipeni mjukuu wangu tukamzike."

Namketisha. Namweleza kwamba ubongo unahitaji kukaa kwenye dawa wiki mbili hivi ndipo uchunguzwe vizuri, na kwamba mwili naweza kuukabidhi mapema. Anasikiliza akinitazama mdomo. Halafu anatoa kadi ya kliniki kwenye pochi, imekunjwa mara nne, ananipa bila kusema neno. Uzito umeandikwa vizuri, chanjo zimetimia. Pembeni, wiki ya sita, kwa mwandiko wa haraka: "Alama shavuni, amejigonga na kichezeo."

Mtoto wa wiki sita hajigongi. Hajui kushika kitu kwa makusudi, hatambai, hajigeuzi. Alama yoyote ya damu iliyovia kwa mtoto wa chini ya miezi minne lazima iulizwe, na kwa mkubwa kidogo iliyoko sikioni, shingoni au kiwiliwilini vile vile. Mwaka 1999 Carole Jenny, daktari wa watoto wa Marekani, na wenzake walifuatilia watoto 173 walioumizwa kichwa: 54 walikuwa wameshaonwa na daktari baada ya kuumizwa na hakuna aliyetambua. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliwaangalia watoto wachanga 200 waliothibitika kuumizwa, na zaidi ya robo yao walikuwa na jeraha dogo hapo kabla, alama ya damu au kidonda mdomoni. Aliyeandika kadi hii aliiona alama. Aliandika alichoambiwa, akampima uzito, akaita anayefuata.

"Niliiona na mimi," bibi anasema. "Nikauliza, wakaniambia nisiwaingilie."

Namwambia hayo amwambie mpelelezi kwa maneno hayo hayo, na namwita Afande arudi. Anarudi. Safari hii hana haraka, anamwita "mama", anaandika polepole.

Nje kumeshakuwa giza nikianza ripoti. Mgongo unauma, sentensi zinakuja moja moja, kila neno nalipima nikimfikiria wakili atakayesimama nalo mkononi. Mbavu nne, za zamani. Damu ichunguzwe zaidi. Majibu ya maabara yanasubiriwa.

Saa 3 usiku afisa ustawi anapiga. Dada mtu amepigwa eksirei: mkono wa kulia una mfupa uliovunjika ambao umeshaanza kuunga, na hakuna kliniki yoyote alikopelekwa. Amelazwa, bibi yuko naye, nyumbani harudi. Nafungua ripoti upya na kuongeza aya.