Kadirio kwanza, rula baadaye

Nilipoanza kufundisha hesabu gredi ya nne huku Kisauni, Mombasa, niliwauliza wanafunzi mlango wa darasa una urefu gani. Wa kwanza akasema mita 10. Wa pili, sentimita 50. Na wote wawili walikuwa wamepata alama zote wiki hiyohiyo kwenye kugeuza mita kuwa sentimita.

Kosa langu lilikuwa kugawa rula mapema. Kitabu kinasema kadiria, kisha pima. Nilipopita kwenye madawati nikakuta kadirio na kipimo vinalingana hadi sentimita moja. Watoto walikuwa wakipima kwanza, halafu wanarudi kujaza safu ya kadirio, kwa kuogopa kuandika jibu la makosa. Tangu siku hiyo rula hukaa mezani kwangu. Wanaandika kadirio kwa biro, ndipo nagawa. Kadirio silisahihishi kwa wino mwekundu. Tunatafuta tofauti tu, na tofauti ina safu yake ya tatu, ambayo ndiyo niliyoifuatilia muhula mzima.

Lakini mtu hukadiria kwa kulinganisha na kitu anachokijua. Nikarudi kwenye vipimo vya wazee: shibiri (ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa) 2 ni dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha za vidole, na dhiraa 4 ni pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Kila mtoto akapima shibiri yake, wengi wakapata karibu sentimita 15. Yangu ni 20. Dawati moja likawa shibiri 6 kwangu na 8 kwao. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na muuza kitambaa akiwa na mkono mfupi je?" Swali hilo lilifanya kazi kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeandaa kuhusu faida ya mita.

Kwenye uzito alinifundisha mvulana ambaye hesabu za karatasini zinamtatiza sana. Kwao huchota maji kwa mtungi wa lita 10. Nilileta mchele ndani ya mfuko mweusi, wenzake wakataja kilo 3, kilo 40. Yeye akauinua, akanyamaza kidogo, akasema, "Umepita mtungi wangu. Kilo 11." Mizani ikaonyesha 12. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na yeye alikuwa akiibeba kila asubuhi bila mtu kumwambia kwamba hiyo ni hesabu. Nilimwambia mbele ya darasa.

Muhula wa pili tulikwenda Mji wa Kale. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kila mtoto aliandika kadirio kabla sijatoa utepe, na karibu wote walikuwa kati ya mita 2 na 3. Utepe ukasoma mita 2 na sentimita 60.

Eneo bado linatutatiza. Mtoto ana shibiri yake mkononi, ila mita ya mraba hana pa kuishika. Wiki hii nimekuja na leso yangu, sentimita 150 kwa 110, kama mita za mraba 1.65. Tumeitandaza sakafuni, na kila mmoja ameshaandika kwa biro ni leso ngapi zitafunika darasa. Kesho tunazihesabu.