Upawa wa Babu

Jana mwanangu mdogo kaniuliza mbona Babu hujikuna mgongo kwa upawa. Nikacheka, kisha kicheko kikaniishia.

Mnaomjua Baba mwaujua ubishi wake. Miaka miwili aliunda mashua hapo Matondoni, Lamu, kwa mkono mmoja na nusu, akisema ni baridi tu. Kwenye takbira mkono wa kushoto ulifika sikioni, wa kulia ukaishia kifuani. Mwishowe tukavuka Mokowe, tukapanda basi hadi Mombasa. Picha ikaonyesha kano za bega zimekatika, zimenywea, hazishoneki tena.

Daktari, rika la mdogo wangu, akaweka mezani bega la plastiki lenye kiungo bandia, mfano wa atakachotiwa Baba. Kiungo chenyewe kilikuwa kinyume: gololi la chuma limetiwa skrubu kwenye kombe la bega, kibakuli kikakaa juu ya mfupa wa mkono. Maungo tuliyozaliwa nayo siyo hivyo. Akasema mtindo huo kwa umbo lake la sasa aliuanzisha Mfaransa Paul Grammont mwaka 1985, ili msuli mnene unaofunika bega ubebe kazi ya kano zilizokufa.

Baba hata hakumsikiliza. Alilichukua lile bega, akainua mkono wake wa plastiki, akaushusha polepole, sikio karibu, kama apimavyo ubao wenye ufa. Akaushusha tena. Krr.

"Mwanangu, gololi hili limewekwa yuu mno. Mkono ukishuka, kibakuli chasugua mfupa. Kitaula."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, nani kakwambia?"

"Si nimelisikia."

Wakainamiana wawili, mimi nikasahauliwa. Kumbe ndiyo hofu yao hasa: gololi likikaa juu, kibakuli hutafuna ukingo wa kombe. Kwa hiyo hulishusha hadi ukingo wa chini na kuliinamisha kidogo. Baba akataka kujua skrubu huingia kwa mshazari gani, na mfupa ukiwa umeliwa, zitashika wapi. Maswali ya mtu wa keekee. Daktari akachora mpaka karatasi ikajaa.

Upasuaji, mkono shingoni wiki kadhaa, mazoezi, matusi. Siku hizi takbira yafika masikioni kote kuwili.

Nilimwambia mtoto akamuulize Babu mwenyewe. Akarudi mbio: "Babu asema fundi alisahau kutia mlango wa nyuma."

Fundi hakusahau. Alisema siku ile ile kwamba mkono huenda usifike tena mgongoni. Baba alikuwa amezama kwenye skrubu. Mimi nilisikia, nikanyamaza, nikichelea asije akakataa.