Nilivyomsubiri Gurnah Stockholm

Mjomba alikuja kutoka Unguja kunitembelea Uppsala, na hata koti hajavua akaniambia anataka nimpeleke "kwa Gurnah". Alikusudia Makumbusho ya Tuzo ya Nobel, Stockholm. Gurnah ni mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya fasihi. Mjomba ameisoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise, mara mbili, na hana habari na kingine cha Sweden.

Goti lake la kulia linamsumbua, kwa hiyo nikapanga njia ya kumpunguzia mwendo: treni hadi kituo kikuu, kisha treni ya chini ya ardhi, kituo kimoja tu, tukashuka Gamla Stan. Nilipomwambia kuwa maana ya jina hilo ni mji mkongwe, alisimama pale pale kwenye ngazi. "Mwanangu, kumbe nimetoka Mji Mkongwe nikaja Mji Mkongwe!" Vichochoro vile vyembamba alivipita kama mwenyeji, ila mawe yaliyotandikwa njiani yalimtesa, tukawa tunapumzika kila kona.

Makumbusho yako kwenye uwanja wa Stortorget, katika jengo la zamani la soko la hisa. Yalifunguliwa 2001, miaka 100 tangu tuzo za kwanza kutolewa. Akademi ya Sweden, inayochagua mshindi wa fasihi, iko ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo, na ndiko jina la Abdulrazak Gurnah lilikotangazwa Oktoba 2021. Mjomba aliyatazama madirisha yale kwa muda mrefu kabla hajakubali kuingia.

Ndani, darini, kuna reli inayozunguka polepole ikiwa imebeba mabango ya washindi, kila mmoja na picha yake na sababu ya kutunukiwa. Huwezi kujua anayefuata ni nani. Nikamwomba mhudumu kiti cha kukunja kwa ajili ya goti la mzee, akaleta bila kuuliza swali. Tukaanza kusubiri.

Wakapita wanafizikia, madaktari, marais. Mimi nikazunguka kusoma habari za Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti yake ya dainamaiti na kutia saini wasia wake Paris mwaka 1895, nikirudi kila mara kumsimulia mjomba. Saa nzima ikapita. Nikampeleka mkahawani tunywe chai, nikakipindua kiti kimoja kumwonyesha: washindi wanaotembelea makumbusho hutia saini chini ya viti. Akazigusa zile saini kwa kidole, moja moja, taratibu, kama asomaye msahafu. Kisha akataka turudi, asije akapita hatupo.

Alikuja kiasi cha saa tisa na nusu. Mjomba ndiye aliyemwona kwanza. Aliinuka kwenye kiti bila kunishika mkono, akavua kofia yake, akalitamka jina lote, "Abdulrazak", kwa matamshi ya kwetu, kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Nikamfasiria yaliyoandikwa, kuhusu ukoloni na hatima ya mkimbizi. Alitikisa kichwa tu, macho yamemjaa machozi, akimfuata kwa miguu chini ya reli hadi bango lilipopinda na kutoweka.

Akarudi akakaa.

"Na yule mama wa Kenya, wa miti?"

"Wangari Maathai, mjomba. Wa 2004."

"Basi na yeye tumsubiri."