Nyama ya Kukalia

Neno Sitzfleisch nilikutana nalo kwanza kwenye Kiingereza, katika makala ya sataranji. Waingereza wamelitwaa zima zima kwa Wajerumani, kama sisi tulivyotwaa shule na hela. Sitzen ni kukaa, Fleisch ni nyama. Basi ni nyama ya kukalia. Kwa wacheza sataranji ni ile nguvu ya kubaki mbele ya ubao saa na saa mpaka mwenzako achoke. Wajerumani wenyewe humsema hivyo hata mgeni asiyeaga mapema.

Sikulifikiria tena hadi nilipokwenda Hamburg kuandika tasnifu. Nilikuwa nasoma barua za Kiswahili za karne ya 19, za herufi za Kiarabu. Miezi miwili ya mwanzo sikufika popote. Nasoma mistari miwili, nanyanyuka kutafuta kahawa. Narudi, nanyanyuka tena. Mwalimu aliyenisimamia akaniambia kwa upole kwamba kusoma najua, ila Sitzfleisch bado sina.

Kamusi ingetafsiri kwa subira au uvumilivu, nami sikubali. Subira ni ya moyo, unaweza kuwa nayo hata unatembea. Hili ni la kukaa kitako. Nikamkumbuka bibi yangu kule Unguja na kofia zake za viua. Vitundu ni vingi mno, na kila kimoja huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja huchukua miezi. Ukimwita kunywa chai, hainui kichwa: "Ngoja nimalize safu, mjukuu wangu."

Nikaichukua safu ya Bibi. Yangu ikawa mistari mitano. Simu naiacha ndani ya koti, kabatini nje ya chumba cha kusomea. Kanga naikunja mara nne, naiweka juu ya kiti cha mbao, na sinyanyuki mpaka mitano iishe, hata ikiwa nusu yake ni alama za kuuliza. Wiki ya kwanza kiuno kiliniuma vibaya. Ya tatu nikaanza kusahau kuwa nina kiuno.

Kuna barua moja iliyonishika siku nne kwa neno moja. Mwandishi anamlalamikia ndugu yake juu ya fedha, na kitenzi ni alifu, mimu, kafu, wau, be. Katika maandishi yale ya zamani be hubeba b, p na mb, na wau haitofautishi o na u. Kwa hiyo ndugu yule amekopa fedha, au amekomba fedha? La kwanza ni deni, la pili ni kufilisi. Sikutaka kumwita mtu mwizi, naye kaburini hawezi kujitetea, kwa sababu tu nilichoka kukaa.

Niliisoma upya kila asubuhi, kuanzia salamu. Siku ya nne nikaigeuza karatasi ubavu, maana waandishi wale wakiishiwa nafasi humalizia pambizoni. Mstari mdogo, wino umefifia, nilikuwa nimeupita kila siku nikidhani ni dua ya kufungia. Nikausoma herufi kwa herufi: atalipa mwezi ukiandama.

Nikaandika "amekopa", nikafuta alama ya kuuliza, nikaingia mstari wa sita.