Kozi ya Jioni kwa Waandishi wa Programu Walio Kazini

Nikiwa na miaka 8 katika kazi ya kuandika programu, nilijiandikisha katika kozi ya jioni ya uandishi wa programu kwa kutumia objekti (vipande vya programu vinavyobeba data pamoja na hatua za kuishughulikia), hapa Dar es Salaam, kwa majuma 12, kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 12 jioni. Lugha ya programu ya PHP nilikuwa nimejifunza kazini, kwa kusoma na kurekebisha kazi za wenzangu, na mfumo niliokuwa nikiutunza, wa mikopo ya SACCOS moja, ulikuwa mlolongo wa funksheni ndefu (mafungu ya maagizo yenye jina) zinazoitana kutoka faili hadi faili. Kila chama kilipoanzisha aina mpya ya mkopo nililazimika kufungua mafaili 7 na kuongeza sharti la “ikiwa ni mkopo huu, fanya hivi” katika kila moja, na siku niliposahau la sita, waliochukua mkopo wa elimu walikatwa riba ya mkopo wa maendeleo.

Majuma mawili ya kwanza yalinivunja moyo. Tulifundishwa kwa mfano wa wanyama: klasi (kiolezo cha kuundia objekti) ya mnyama, kisha mbwa na paka wanaoirithi, yaani wanaochukua sifa zake, kila mmoja akiwa na mlio wake. Mfano huo unamfaa anayeanza. Lakini mtu mwenye mfumo unaomsubiri kesho asubuhi hahitaji sana kuonyeshwa klasi inaandikwaje, anahitaji kujua hesabu ya riba ikae kwa nani.

Juma la tatu alikuja mwalimu mwingine, ambaye naye mchana alikuwa mwandishi wa programu, akamtaka kila mmoja wetu alete funksheni inayomsumbua kuliko zote. Nilileta ile ya riba. Hakugusa kibodi, aliniuliza ni nani katika mfumo anayejua kiwango cha riba, ni nani anayejua muda wa marejesho, na kwa nini ukurasa wa kuchapa taarifa ya mwanachama nao uyajue hayo. Jioni ile na iliyofuata tulifanya kila aina ya mkopo kuwa klasi yake, inayokokotoa riba yake yenyewe, na mfumo uliobaki ukawa unauliza tu riba ni kiasi gani, bila kujali unauliza mkopo upi. Masharti yakaisha katika mafaili 6, yakabaki pale tu mkopo unapoundwa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wazo hili lilianzia kwa watu waliokuwa wakiiga mambo halisi ndani ya kompyuta. Wanasayansi wa kompyuta Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, mjini Oslo katika miaka ya 1960, walihitaji lugha ya kuelezea mifumo yenye vitu vingi vinavyotenda kwa pamoja, na lugha yao ya Simula 67 tayari ilikuwa na klasi na urithi.

Kwa wazoefu, kuacha mazoea ya zamani ni kugumu kuliko kujifunza mapya. Mwenzetu aliyeanza enzi za PHP 4 aliweka alama ya &, inayoelekeza kwenye kitu kilekile bila kukinakili, karibu kila mahali, kwa sababu katika toleo hilo kuikabidhi objekti kwa jina jingine kulikuwa kuinakili, jambo lililobadilika tangu PHP 5 ilipotoka mwaka 2004. Mimi nilikuwa na kasoro yangu: baada ya kuujua urithi, niliutumia kila mahali. Klasi ya mkopo wa dharura niliifanya iirithi ile ya mkopo wa kawaida, ilhali kanuni za chama haziruhusu mkopo wa dharura kuongezewa muda, kwa hiyo njia (funksheni iliyo ndani ya klasi) ya kuongeza muda iliyorithiwa niliiandika upya itoe kosa. Mwalimu alinieleza kanuni inayoitwa kwa jina la mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov: palipo na objekti ya klasi mama, ile ya klasi mtoto iweze kukaa bila programu kuharibika. Programu yangu inayojiendesha usiku ya kuongeza muda kwa mikopo yote ingekwama kwenye mkopo wa dharura wa kwanza.

Kwa maoni yangu urithi ungefundishwa mwishoni, baada ya watu kuzoea kugawa majukumu. Mimi niliuondoa kwenye mkopo wa dharura, nikatenga uwezo wa kuongezwa muda ukawa kiolesura (orodha ya njia ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) kinachotimizwa na mikopo inayouruhusu pekee, na programu ile ya usiku sasa hupitia mikopo hiyo tu.