Alama unayodhani unaijua: kusoma taa na vibao vya nchi ngeni

Dereva mgeni haponzwi na alama asiyoijua. Akiikuta atapunguza mwendo, atakodoa macho, na wa nyuma yake apige honi mpaka achoke. Kinachomponza ni ile anayodhani anaijua: rangi ileile, umbo lilelile, maana nyingine.

Chukua kibao cha njano chenye umbo la almasi. Marekani, kikiwa na mchoro mweusi, ni onyo: kona kali, utelezi, wanyama mbele. Ujerumani, Ufaransa au Poland utakikuta kidogo, kina ukingo mweupe, na ndani hakina mchoro wowote. Huko hakikuonyi chochote. Kinakwambia uko kwenye barabara yenye haki ya kupita kwanza. Wanaotoka pembeni ndio watakaokupisha. Mbele kikija kingine kama hicho, kimekatwa na mistari myeusi, haki hiyo imekwisha: kwenye makutano yasiyo na alama unampisha anayetokea kulia kwako. Sasa mtazame dereva aliyezoea vibao vya Marekani. Anaona cha kwanza, anapunguza mwendo bila sababu. Anaona cha pili, anadhani hatari imepita, anakanyaga mafuta. Amefanya kinyume mara mbili.

Chanzo cha mkanganyiko huu kinajulikana. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani ulijaribu kuzilinganisha, lakini ukaacha nafasi ya kuchagua: onyo linaweza kuwa pembetatu yenye ukingo mwekundu au almasi ya njano. Ulaya karibu yote ilichukua pembetatu, ingawa Ireland inatumia almasi. Marekani ina mfumo wake. Japani nayo ina almasi za njano.

Kwa hiyo soma umbo kabla ya mchoro. Pembetatu iliyosimama ni onyo, na iliyopinduliwa inakutaka upishe. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru. Pembe nane ni za kibao kimoja tu, cha kusimama. Ndiyo maana unakitambua hata kikifunikwa na theluji, au hata ukikiona kwa mgongo ukataka kujua kama anayekuja upande wa pili anatakiwa kusimama. Neno lililoandikwa juu yake usilihangaikie. Mexico ni ALTO, Brazil na Argentina ni PARE, Quebec nchini Kanada ni ARRÊT, Uturuki ni DUR. Inayovunja kanuni ni Japani: kibao chao cha kusimama ni pembetatu nyekundu iliyopinduliwa. Aliyezoea kwamba pembetatu ya namna hiyo ni ya kupisha tu ataburuza gari taratibu akapita, na kwa sheria ya huko amekosa, kwa sababu matairi hayakuacha kuzunguka.

Vibao viwili vya Ulaya vinawatatiza wageni kuliko vingine. Cha kwanza ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, ndani tupu. Mtu anadhani tarakimu imefutika. Haijafutika: magari yote yamepigwa marufuku kuingia. Cha pili ni cha mishale miwili kwenye daraja jembamba. Wako ni ule unaoelekea juu. Kama mshale wako ni mwekundu, ndani ya duara, unasubiri. Kama wako ni mweupe, ndani ya mraba wa buluu, mwekundu ni wa mwenzako na yeye ndiye anayesubiri. Shika hilo moja: mwekundu anangoja.

Halafu kuna kibao kidogo chini ya ile almasi ya njano, chenye mchoro wa mistari, mmoja mnene na mingine myembamba. Mstari mnene ndio barabara yenye haki. Ukiona umepinda kwenda kushoto, basi barabara kuu inakata kona hapo, na ukienda moja kwa moja umeshatoka kwenye barabara kuu. Ujerumani, ukifuata kona hiyo unawasha indiketa japo hujaiacha barabara. Wageni wengi hawaiwashi, na anayesubiri pembeni anaingia akidhani unanyoosha.

Sasa taa. Watu hufikiria rangi, lakini la kwanza la kujua ni taa zimewekwa wapi. Marekani na Japani taa unayoitazama mara nyingi iko ng'ambo ya makutano. Ujerumani na Ufaransa iko upande wako, karibu na mstari wa kusimama. Aliyezoea taa ya ng'ambo husogea mbele mpaka aikaribie, na akifika Ulaya anaupita mstari, taa inabaki juu ya paa lake, hajui imegeuka kijani mpaka apigiwe honi. Ufaransa huweka taa ndogo za kurudia chini kwenye nguzo, usawa wa macho ya dereva. Aliye wa kwanza kwenye foleni atazame hizo. Aliyezoea taa za Ulaya akienda Marekani hukosea kwa upande mwingine: anaiona taa nyekundu ng'ambo, anataka kuifuata, anajikuta amesimama katikati ya makutano. Popote ulipo, tafuta mstari mweupe chini kwanza, taa baadaye.

Mpangilio wenyewe haushangazi sana. Taa zikisimama wima, nyekundu iko juu. Sehemu nyingi za Japani zimelala, na huko nyekundu iko kulia. Quebec wana taa za kulala zenye nyekundu mbili, moja kila mwisho, na maumbo yanatofautiana: nyekundu mraba, njano almasi, kijani duara. Kwa asiyetofautisha rangi vizuri hiyo ni neema.

Uingereza na Ujerumani, nyekundu na njano huwaka pamoja kabla ya kijani. Hiyo ni taarifa ya kuweka gia, bado si ruhusa ya kuondoka. Uingereza hudumu sekunde 2, Ujerumani kama 1. Njano peke yake baada ya kijani ni amri ya kusimama kama unaweza kusimama salama. Kwenye barabara ya kilomita 50 kwa saa, Ujerumani huipa njano sekunde 3. Kwa mwendo huo gari linakwenda takriban mita 14 kila sekunde, yaani mita 42 kabla nyekundu haijawaka, wakati kusimama kwenye lami kavu kunahitaji karibu mita 30, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Anayesema njano ilimkuta ghafla, mara nyingi alikuwa na nafasi ya breki na akachagua mafuta.

Kijani kinachomweka ndicho ningekipa zawadi ya utata. Austria humweka mara 4 kukuarifu kwamba njano inakuja. Ontario, nchini Kanada, maana yake wanaokuja mbele yako wana nyekundu, hivyo unaweza kukata kushoto bila kumpisha yeyote kati yao. British Columbia, ndani ya Kanada hiyohiyo, maana yake taa inasubiri mwenda kwa miguu abonyeze kitufe. Wanaokuja mbele yako nao wana kijani vilevile, na barabara ya pembeni ina vibao vya kusimama tu. Dereva wa Ontario akikata kushoto huko kwa mazoea, anakatiza mbele ya gari linalokuja kwa kasi.

Njano inayomweka Marekani ni ya kupita kwa uangalifu, na nyekundu inayomweka huhesabiwa kama kibao cha kusimama: simama kabisa, tazama, pita zamu yako ikifika. Usichukue kanuni hiyo ya nyekundu ukaipeleka kwenye reli. Uingereza, taa mbili nyekundu zinazopokezana kwenye kivuko cha treni zinataka usimame na ubaki umesimama mpaka zizime. Kwenye baadhi ya vivuko vya waenda kwa miguu huko, njano inayomweka hufuata baada ya nyekundu: kama mtu bado anavuka unamngoja, kama hakuna mtu unapita.

Kukata kona kwenye nyekundu kumewagharimu wengi. Sehemu kubwa ya Marekani unaruhusiwa kukata kulia taa ikiwa nyekundu, baada ya kusimama kabisa na kuwapisha wote, isipokuwa kibao kikikataza. Jiji la New York ni kinyume: hairuhusiwi mpaka kibao kiruhusu. Quebec inaruhusu, ila si kwenye kisiwa cha Montreal. Ujerumani hairuhusiwi, isipokuwa pawe na kibao cheusi chenye mshale wa kijani kando ya taa nyekundu. Ni kibao cha bati, hakiwaki. Hata hapo unasimama kwanza kwenye mstari. Mshale wa kijani unaowaka ni kitu kingine, huo unakupa njia bila kusimama. Usichanganye bati na taa. Taa zenye mistari myeupe badala ya rangi ni za tramu, treni za mtaani; zipuuze.

Mara nyingi Ulaya utaona taa na kibao cha kupisha kwenye nguzo moja, ukajiuliza kipi kinatawala. Taa zikifanya kazi, kibao kimelala. Zikizima au zikibaki na njano inayomweka usiku, kibao kinaamka. Trafiki akiingia katikati na kunyoosha mkono, vyote viwili vimelala. Na pasipo na taa, kibao wala trafiki, katika nchi nyingi za Ulaya bara anayetoka kulia ana haki, hata kama anatoka kwenye kichochoro. Ndiyo maana pale Étoile mjini Paris, kwenye ule mzunguko wa Arc de Triomphe, anayeingia anapishwa na aliye ndani, wakati vipilefti vingi vya Ufaransa vina vibao vinavyosema kinyume. Marekani na Kanada kwenye makutano ambayo pande zote zina vibao vya kusimama, anayefika kwanza anaondoka kwanza. Mkifika pamoja, aliye kulia anatangulia. Ukikaa ukingoja heshima, utaganda hapo.

Mwendo wa juu nao haukuandikwa kila mahali, na hapo ndipo kamera huvuna. Ufaransa, kibao cheupe chenye ukingo mwekundu na jina la mji ndicho kibao cha kilomita 50. Ujerumani ni cha njano chenye maandishi meusi. Tarakimu haipo, jina linatosha, na jina lililokatwa kwa mstari mwekundu linamaliza kikomo hicho. England hata kibao hakihitajiki: barabara yenye taa za mtaani zisizopishana zaidi ya yadi 200 ni ya maili 30 kwa saa, mpaka kibao kiseme vingine. Wales ni 20 tangu Septemba 2023. Hizo ni maili. Zidisha kwa 1.6, 30 ni kama kilomita 48. Duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari Uingereza si ruhusa ya kukimbia utakavyo: kwa gari dogo ni maili 60 kwenye barabara isiyogawanywa katikati, 70 kwenye iliyogawanywa. Ufaransa nako, mvua ikinyesha, kilomita 130 za barabara kuu ya kulipia hushuka hadi 110, na hakuna atakayekukumbusha.

Kibao kidogo chini ya kikubwa ndicho kinachoamua nani anahusika na lini, na hakitafsiriki kwa kubahatisha. Ujerumani „bei Nässe" ni barabara ikilowa, „werktags" ni Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo inayowagharimu watu. Italia, nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, Jumamosi ikiwemo, na msalaba ni Jumapili na sikukuu. Kwenye miji ya kale ya Italia, taa au ubao ukiandika „varco attivo" usifurahi ukadhani njia iko wazi: unamaanisha lango linafanya kazi, yaani kamera inanasa kila asiye na kibali.

Mistari kwa ufupi: Marekani wa njano unakutenga na wanaokuja mbele, mweupe unatenga mnaoelekea upande mmoja. Ulaya nyingi yote ni myeupe, kwa hiyo usimalizie hesabu kwa rangi. Ujerumani, mistari ya njano ikichorwa juu ya myeupe penye matengenezo, fuata ya njano. Safu ya pembetatu nyeupe zilizokuelekezea ncha inakutaka upishe hapo.

Rangi za vibao vya mwelekeo nazo zimepinduka: barabara kuu za magari ya kasi ni buluu Ufaransa na Ujerumani, kijani Italia na Uswisi. Ukikaribia njia ya kutokea Ujerumani, vibao vyenye mistari mitatu, miwili na mmoja vinahesabu mita 300, 200 na 100. „Ausfahrt" si jina la mji, ni njia ya kutokea, „Einbahnstraße" si jina la mtaa, ni njia ya upande mmoja, na usiutaje kwa simu kama anwani ya ulipoegesha.

Kabla ya kuondoka, angalia kibali cha kimataifa cha udereva unachochukua. Kuna cha mkataba wa usafiri wa barabarani wa 1949, kinachodumu mwaka 1, na cha 1968, kinachoweza kufika miaka 3. Japani hukubali cha 1949 pekee. Vyote ni tafsiri ya leseni, kwa hiyo leseni yenyewe lazima iwe mfukoni.

Ukipitwa na njia yako, usirudi nyuma hata hatua moja. Endelea hadi njia inayofuata, tokea hapo, zunguka. Mjini Ufaransa, usipoona jina unalolitafuta, fuata „toutes directions", itakutoa nje ya mji, na hapo majina yataanza kurudi.