Kidimbwi cha bustani kisichozalisha mbu, Mwanza: wiki kumi za kwanza

Wiki ya 1, mwisho wa Septemba. Shimo limekamilika kabla ya mvua za vuli. Urefu mita 2, upana 1.5, kina sentimita 60 katikati. Upande mmoja umeachwa na ngazi ya sentimita 20 na mteremko wa kokoto, ndege wapate pa kusimama na chura apate pa kutokea. Udongo wa vilimani hapa ni kichanga juu ya mwamba, haushiki maji, kwa hiyo nailoni ni lazima. Chini yake kuna mchanga uliochekechwa, sentimita 5, na juu ya mchanga viroba vikuukuu. Kupima nailoni: urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 60 za kukunjia ukingoni. Hesabu hiyo inatoa 3.8 kwa 3.3. Turubai jepesi ni hasara, jua hulipasua pale linapokunjwa.

Juu umefungwa wavu wa BRC, yaani wavu wa vyuma vilivyochomelewa. Kina hiki kinatosha kumzamisha mtoto mdogo, hilo halina mjadala.

Wiki ya 2. Maji ya bomba yana klorini. Yamekaa siku mbili kwenye mapipa yaliyofunikwa kwa chandarua kabla ya kumiminwa.

Wiki ya 3, mimea. Kitu chochote kisichotwe ziwani. Gugu maji linajulikana kwa uharibifu wake, ila konokono wa kichocho ndiye anayesahaulika. Gamba la yule wa kichocho cha matumbo limejikunja bapa kama kifungo cha shati, na mayai yake hunata chini ya majani ndani ya ute usiotoka kwa kusuuza. Yungiyungi limeoteshwa kwa mbegu ndani ya ndoo yenye matundu. Mafunjo hayakupandwa, kwani mizizi yake hutoboa nailoni.

Wiki ya 4, mbu. Hapa ndipo vidimbwi vingi huharibika. Teka maji kwa kikombe cheupe mara kumi, kandokando, kila baada ya siku tatu. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Cha mbu wengine huning'inia kichwa chini. Tulikuta vyote viwili, hasa palipoota mwani, kwa sababu samaki walikuwa bado. Wakaingizwa furu wanane wa sentimita 5 kutoka bwawa la jirani. Sato hukua mno na kufukua mimea, na kambale hafai hata kidogo: hula viluwiluwi vya chura, na usiku wa mvua hutambaa akahama. Furu hawa wasirudishwe ziwani kamwe. Furu wa huko wameshapata dhoruba ya kutosha tangu sangara, anayewala, alipopandikizwa miaka ya 1950.

Wiki ya 6. Alfajiri furu walikuwa juu wakihema. Majani ya mwembe yalikuwa yamerundikana chini. Yakioza hula oksijeni, na usiku mimea nayo huitumia badala ya kuitoa. Dawa: majani yametolewa kwa wavu, theluthi moja ya maji imebadilishwa, na sasa majani huokotwa kila jioni.

Wiki ya 8. Ndege aitwaye fundi chuma amegundua kidimbwi na anasimama ngazini akikoroga matope kwa mguu. Ana haki yake. Furu wamewekewa vipande viwili vya bomba la inchi 4 vya kujificha.

Wiki ya 10. Vikombe kumi, kiluwiluwi cha mbu hakuna hata kimoja. Kereng'ende wanataga, na watoto wao nao hula viluwiluwi. Kwenye rundo la mawe lililoachwa na nyufa za vidole viwili amehamia mjusi wa mawe, dume, kichwa chekundu na mwili wa buluu, anaokota sisimizi mmoja mmoja. Furu jike mmoja amevimba koo na hali chakula: ana mayai mdomoni. Wavu wa kuokotea majani hautagusa upande wake mpaka atakapowatema watoto wake.